Pini Mbili Tu, Visikizi Vizima Vimeharibika: Uzoefu Wangu

Msivinunue. Sifa zake nitazitaja baadaye, maana zipo na si chache, ila kwanza mnunuzi ajue kitakachomkuta: siku moja kisikizi cha upande mmoja kitakataa chaji, atakwenda kulalamika, ataambiwa amekilowesha, na hakuna atakayejisumbua hata kukitazama.

Nazungumzia visikizi vidogo visivyo na waya, vile vya kuchomeka sikioni vinavyolala kwenye kasha lake la kuchajia. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umo kwenye muundo, na unawapata wa bei nafuu na wa bei ya juu vilevile. Toleo la Bluetooth, ukubwa wa spika na saa za chaji vimeandikwa kwenye boksi; visomeni huko. Kisichoandikwa popote ni habari ya pini.

Ndani ya kasha, kwenye kila shimo, kuna pini ndogo zenye springi, kwa kawaida mbili kila upande. Kisikizi nacho kina vibati viwili vya rangi ya dhahabu. Sumaku inakivuta kisikizi kishuke, vibati vinakaa juu ya pini, umeme unapita. Mguso huohuo ndio unaokijulisha kisikizi kwamba sasa kimo kashani, kikate mawasiliano na simu na kianze kujaa. Kazi mbili kubwa zimewekwa juu ya nukta ambayo ni nyembamba kuliko kichwa cha kiberiti, na hapo ndipo kila kitu kinapoharibikia.

Jasho lina chumvi. Kisikizi kikitoka sikioni kikiwa na unyevu na kikarudishwa kashani papo hapo, unyevu ule unakaa kati ya pini mbili zenye umeme, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unakula metali. Tabaka la dhahabu ni jembamba mno. Likishatoboka, metali ya chini inaanza kutoa uchafu wa kijani au doa jeusi, na uchafu huo haupitishi umeme vizuri. Juu yake weka nta ya masikio na nyuzinyuzi za mfukoni zinazoingia kasha likifunguliwa. Pini inakwama chini, springi haina nguvu ya kuirudisha, basi.

Dalili zinaanza kwa upole na ndiyo maana watu huzipuuza. Vyote viwili vimelala kashani usiku kucha, asubuhi kimoja kina asilimia mia, kingine kumi na kitu. Au taa ya upande mmoja inawaka mpaka ukibonyeze kisikizi kwa kidole. Dalili ya kuudhi kuliko zote ni hii: simu inaita, unapokea, humsikii anayepiga wala yeye hakusikii. Kumbe kisikizi kilichoko kashani hakijui kwamba kimo kashani, bado kimeunganishwa na simu, na sauti yote inakwenda humo ndani ya kasha lililofungwa. Ukifika hapo usilaumu simu wala mtandao. Ni pini.

Na usicheleweshe, kwa sababu uchafu ukiachwa unaua betri. Betri iliyomo ni ya lithiamu, kiduara kidogo mfano wa betri ya saa. Aina moja inayotumika sana ni ya 1254, yaani kipenyo cha milimita 12 na unene wa milimita 5.4. Ikijaa hufika volti 4.2. Kisikizi kisichojua kuwa kimo kashani hakizimi, kinaendelea kula chaji yake hadi saketi ya kinga inapokikata. Kikikaa wiki nyingi katika hali hiyo volti inaendelea kushuka polepole, na ikishuka kupita kiasi saketi inaweza kukataa kuipokea chaji tena, kwa usalama, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyokauka hivyo ni hatari kuijaza kwa nguvu. Kilichoanza kama doa la kijani kinaishia kuwa kisikizi kilichokufa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Waranti ilikuwa bado hai. Nilituma risiti, picha za pini zilizopigwa kwa karibu, na video ya taa inayowaka upande mmoja tu. Mhudumu akanijibu kwa maandishi ya kunakili: zima simu, washa simu, futa kifaa kwenye orodha ya Bluetooth, unganisha upya. Nikamweleza kwamba kisikizi kinachajiwa na kasha hata simu ikiwa imezimwa, kwa hiyo simu haihusiki. Akarudia yaleyale, neno kwa neno. Nilipobana zaidi akaandika kwamba rangi ya kijani ni ushahidi wa uharibifu wa maji uliosababishwa na mtumiaji, waranti haifanyi kazi, kisha akafunga mazungumzo kabla sijajibu. Hakusema pole. Hakusema kileteni tukikague. Nimeombwa hadi namba ya kifaa iliyoko chini ya kasha, wala sidhani kama kuna aliyeisoma.

Uharibifu wa mtumiaji! Boksi lenyewe lina picha ya mtu anayekimbia mazoezini, na chini yake alama ya IPX4. Wasomaji waielewe alama hii vizuri, maana ndiyo mlango ambao kampuni hutokea. Inatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu 4 inasema kifaa kimerushiwa maji kutoka kila upande kikastahimili. Ile X inasema tu kwamba kinga ya vumbi haikutajwa. Jaribio linafanywa kwa maji matupu. Jasho, chumvi na sabuni havimo. Tena mara nyingi alama hiyo ni ya kisikizi peke yake, kasha halimo, na kasha ndilo lenye pini. Kwa hiyo wanakuuzia kifaa cha mazoezini, wanakipima kwa kitu ambacho si jasho, halafu jasho likikiharibu kosa ni lako. Mtu anayefanya hivyo kwa kujua anawaibia wanunuzi, na nasema hivyo nikimaanisha.

Kwa kuwa wao hawakusaidia, nieleze kazi yenyewe inavyofanywa, maana inafanyika mezani bila fundi.

Kwanza thibitisha kwamba tatizo ni mguso. Weka kisikizi kashani, kibonyeze taratibu kwa kidole, kiegemeze kushoto, kulia, mbele, nyuma. Taa ikiwaka hata mara moja, betri iko hai na tatizo ni pini au vibati. Taa isipowaka kabisa, usikate tamaa. Safisha kwanza, halafu kiache kashani saa kadhaa, kwa kuwa betri iliyoshuka sana huanza kwa chaji ya kunyunyiza kidogokidogo na taa huchelewa.

Pili, tazama. Macho matupu hayatoshi. Washa tochi ya simu moja, tumia kamera ya nyingine kukuza picha. Pini nzima ni ya kung'aa na zote zina urefu sawa. Iliyo fupi kuliko mwenzake imekwama.

Tatu, ijaribu pini kwa ncha ya kijiti cha meno cha mbao. Ibonyeze, iachie, inatakiwa iruke papo hapo. Usitumie sindano wala pini ya nguo. Metali ikigusa pini zote mbili kwa pamoja unafanya shoti, na ikikwaruza unaondoa dhahabu ambayo ndiyo kinga pekee iliyopo.

Nne, alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 90 au zaidi ukiipata. Ya asilimia 70 inafaa pia, ila ina maji ndani yake, basi subiri zaidi ikauke. Usimimine. Lowesha kijiti cha pamba, kikamue kibaki na unyevu tu, sugua juu ya pini, kisha zibonyeze juu chini mara nyingi ili alkoholi iingie kwenye tundu la springi na kuutoa uchafu. Badili pamba kila inapochafuka. Vibati vya kisikizi visugue kwa pamba hiyohiyo, na doa likigoma tumia raba nyeupe ya kufutia penseli, polepole. Msasa hapana, kisu hapana. Kibati kilichokwanguliwa kitang'aa siku chache, kisha kitaoza haraka kuliko mwanzo. Acha kila kitu wazi nusu saa kabla ya kurudisha.

Mwisho wa kazi, riseti. Kisikizi kilichokaa muda mrefu bila chaji huwa kimepoteza mawasiliano na mwenzake. Kila kimoja kinaunganika na simu kivyake, au kimoja kinaimba na kingine kimenyamaza. Futa jina lake kwenye simu na kwenye kompyuta pia, maana kompyuta iliyo wazi karibu inaweza kukinyakua katikati ya kazi. Weka vyote viwili kashani, bonyeza kitufe cha kasha mpaka taa ibadilike. Muda na rangi hutofautiana, kitabu chake kinaeleza.

Baada ya hayo kisikizi kilifufuka. Kwa hiyo niilegeze kauli yangu ya mwanzo. Kama unasikiliza ukiwa umekaa, maktaba, chumbani, kwenye basi, na unavifuta kabla ya kuvirudisha, nunua. Nunua, kwa sababu sauti yake ni nzuri mno. Besi inapiga bila kumfunika mwimbaji. Unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa, unasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kibwagizo. Kuna nyimbo nilizozisikiliza miaka kwa spika ya simu na kumbe zina sauti ya pili ya kike nyuma ya kiitikio chote, na sikuwahi kuijua. Kwa kitu kinachoingia kwenye mfuko wa shati, hilo ni jambo la kushangaza na waliounda spika hizi wanastahili heshima.

Uwezo wa kuzima kelele nao ni wa kweli, ila mjue unapofanya kazi na unapogoma. Maikrofoni za nje zinasikia kelele, kisikizi kinatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yanafutana. Hilo linawezekana vizuri kwa sauti nzito isiyobadilika: feni, injini, kiyoyozi. Sauti za watu wanaoongea hubadilika haraka na ni za masafa ya juu, hivyo zinabaki. Anayevinunua ili asisikie mazungumzo ya wenzake bwenini atasikitika. Kinachomsaidia hapo ni kipira kinachoziba sikio sawasawa.

Na hapa kwenye kipira hasira inanirudia.

Besi ya visikizi hivi inategemea kuziba. Kipira kidogo kikiacha upenyo, besi yote inavuja na muziki unabaki mwembamba. Kwa hiyo ushauri sahihi, ambao hata kampuni inautoa, ni kuchagua kipira kikubwa zaidi kinachokaa bila kuumiza. Sawa. Lakini kipira hicho kikubwa, kisikizi kikirudi kashani, kinakanyaga ukuta wa shimo na kukiinua kisikizi. Kiasi cha nusu milimita tu. Nusu milimita inatosha kuondoa vibati juu ya pini iliyochoka. Yaani kipira kinachotoa sauti bora ndicho kinachozuia chaji, na vyote viwili vimetoka kwenye boksi moja! Kuna mtu alikaa akachora kasha hili na hakulijaribu na kipira kikubwa walichokitia wao wenyewe. Vipira vya kununua pembeni, vile vya sponji, vinazidisha tatizo. Kabla ya kuridhika na kipira chochote, kiweke kashani, funga kifuniko, fungua, hakikisha taa za pande zote mbili zinawaka bila kubonyeza.

Jambo jingine wanalochanganya wengi: upande kukataa chaji ni tofauti na upande kupungua sauti. Sauti ikififia upande mmoja, mara nyingi ni nta iliyoziba wavu mdogo unaotolea sauti. Toa kipira, kielekeze kisikizi chini ili uchafu udondoke nje usiingie ndani, piga kwa brashi laini kavu. Alkoholi usiiguse hapo. Inaweza kulegeza gundi ya wavu na kupenya hadi kwenye utando wa spika. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Kabla ya yote hayo fungua mipangilio ya ufikivu kwenye simu utazame mizani ya sauti ya kushoto na kulia, kwani ikisogea kidogo tu dalili ni ileile.

Nalisisitiza hili kwa sababu linahusu masikio yenyewe. Upande mmoja ukififia, mtu anaongeza sauti mpaka ule dhaifu usikike, na sikio lenye kisikizi kizima linabeba mzigo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ni kiwango cha usalama kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Mwanafunzi anayesoma na muziki masikioni kuanzia jioni hadi usiku wa manane anazimaliza saa hizo haraka sana. Kikifa kimoja kabisa, washa sauti ya mono kwenye mipangilio hiyohiyo ya ufikivu, ili upande uliobaki upate vyote. Usipofanya hivyo utapoteza nusu ya wimbo: rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1960 zimeweka waimbaji upande mmoja na ngoma upande wa pili, na hata za leo gitaa mbili mara nyingi hutenganishwa kushoto na kulia.

Kwa masomo ya mtandaoni nitasema kwa kifupi. Maikrofoni ya visikizi ikiwashwa, Bluetooth ya kawaida inaacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambako sauti huchukuliwa sampuli mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100 za muziki. Ndiyo maana kila kitu kinageuka kuwa kama redio mbovu mara tu unapoingia darasani. Chagua maikrofoni ya kompyuta kuwa ya kuingiza sauti, visikizi viwe vya kutoa tu, na sauti inarudi palepale. Anayetengeneza muziki atumie waya. Ucheleweshaji wa Bluetooth huweza kupita milisekunde 100, na mpiga kinanda anaanza kuchanganyikiwa mapema zaidi ya hapo. Hili si kosa la kampuni.

Kosa la kampuni ni gundi. Kisikizi kimefungwa kwa gundi pande zote, hakina skrubu, na betri yake haikukusudiwa kubadilishwa. Fundi hodari anaweza: anakipasha joto kidogo gundi ilegee, anapenya kwenye mshono kwa kadi ya plastiki, anakata betri ya zamani na kuweka mpya ambayo tayari ina vibati vya kulehemu, kwa maana kulehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu kunaiunguza. Anayetoboa betri hiyo kwa ncha ya bisibisi anaweza kuwasha moto mkononi. Akifaulu, kinga ya maji imekwisha. Na wasiseme haiwezekani vinginevyo. Mwaka 2024 kampuni ya simu ya Fairphone ilitoa Fairbuds, visikizi vya aina hiihii ambavyo mtumiaji anabadilisha betri mwenyewe, za kisikizi na ya kasha. Umoja wa Ulaya nao umepitisha kanuni ya 2023/1542, inayotaka kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji, isipokuwa baadhi ya vifaa kama vile vilivyoundwa hasa kwa mazingira ya maji na kuoshwa. Nina wasiwasi kwamba picha ya mtu anayekimbia itakuja kutumika kama kisingizio hapo pia.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nilipokisafisha na kusikia tena ile besi nikapandisha hadi nne, na nilimaanisha. Lakini kisikizi cha kulia hakikurudi kama zamani. Zile siku za kukosa mguso ziliichosha betri, sasa kinazima wakati cha kushoto bado kina nusu ya chaji. Nikauliza kama naweza kununua cha kulia peke yake. Jibu likaja, safari hii haraka: haviuzwi kimoja kimoja, ninunue seti nzima, pamoja na kasha jipya lenye pini zilezile. Nyota mbili, na ya pili ni ya waliotengeneza spika.